Kidole cha Wifi Yangu

Katika banda la magunia kule Changamwe hakuna mwanamke aliyewahi kuzaa. Ndivyo vitabu vya ofisi vilivyosema, na vitabu vya ofisi vilikuwa na wino na mistari iliyonyooka, nani angebishana navyo? Tulikuwa wanawake hamsini na kitu, tumeketi chini kwa safu, tukiziba magunia yaliyotoboka kwa shazia, ile sindano nene isiyochagua kati ya gunia na kidole. Kila mwaka watatu au wanne kati yetu walijifungua. Kitabuni hakuna aliyekosa hata siku moja.

Ilikuwa hivi. Kila mmoja alipewa kibati chenye namba. Changu kilikuwa thelathini na saba. Asubuhi mnyapara alisimama mlangoni akaita namba, nawe ukaitika "Abee!" ukatia kibati chako ndooni, naye karani akapiga alama. Namba ikiitwa mara mbili pasiwe na jibu, imekwenda na maji, kwa maana nje ya geti walikuwapo wanawake wengine wanaosubiri tangu alfajiri. Kwa hiyo mwenye mimba kubwa alimtafuta jamaa yake, dada au binamu au wifi, akamfundisha kushona, akampa kibati na jina. Jamaa huyo alikuja akaitika kwa jina lisilo lake mpaka mzazi atimize arobaini yake na kutoka ndani. Sisi tulisema fulani "amekaliwa". Fulani amekaliwa na dadake, fulani amekaliwa na binamuye. Mnyapara alituona nyuso zetu, hakuwa kipofu. Mzazi akirudi alimpelekea sahani ya mahamri na mbaazi, na mambo yakaisha hapo.

Siku hizi wajukuu wangu wanazungumza habari za likizo ya uzazi, miezi kadhaa na mshahara juu yake, halafu wananung'unika kuwa haitoshi. Natamani niwazabe kibao, kisha niwabusu.

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili asije mtu akanitazamia ushujaa. Miaka ile ya mwisho kabla ya Uhuru watu walizungumza siasa mpaka kwenye bomba la maji, lakini mimi nilikuwa nikiogopa vitu vyangu vidogovidogo. Nilimwogopa mnyapara akikohoa. Nilikiogopa kibati changu kisije kikapotea, nikakishona ndani ya pindo la kanga. Na nilipopata mimba ya kwanza niliogopa mara mbili, kwa ajili ya mwana na kwa ajili ya kazi. Mume wangu alikuwa ameondolewa bandarini kwa kugoma pamoja na wenzake, na kila alipokwenda kuomba kibarua jina lake lilikuwa limetangulia. Chumba chetu cha Magongo, taa, unga, dawa ya mkwe wangu, vyote viliegemea thelathini na saba. Ningeikosa namba ile tungerudi kwa mamangu Mtongwe kula vya mtu mzima asiye na chake.

Nilikwisha kumwona aliyeikosa yake. Mmoja wa safu yetu alizaa kabla ya siku zake, hakupata wa kumkalia. Aliporudi alisimama getini na mtoto mgongoni, akasema yeye ndiye wa namba fulani. Mlinzi akamwambia namba hiyo iko ndani, inashona. Alirudi siku tatu mfululizo, siku ya nne hakuja tena. Sisi ndani tuliinamisha vichwa, tukashona mbiombio.

Basi nikamchukua wifi yangu, dadake mume wangu. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka michache, ameolewa palepale Magongo na hajajaaliwa mtoto. Nilimketisha sakafuni na gunia bovu, nikamfundisha. Alikuwa mzito wa mkono, nami sina subira, nilimsema mpaka akalia. "Shona kama mtu mwenye njaa," nikamwambia. Akasema, "Wifi, njaa ninayo, mikono ndiyo haina." Tukacheka, na siku ile akajua kushona.

Nilikwenda kuzaa Mtongwe kwa mama, kama ilivyo ada kwa mwana wa kwanza. Nilipata msichana. Mama alinifungia chumbani, akanikanda kwa maji ya moto, akatia kisu chini ya mto wangu, akamfunga mtoto mvuje mkononi. Mvuje unanuka hata majini wenyewe wanakimbia, nami nikakaa na harufu ile pamoja na raha yangu. Siku arobaini mzazi hatoki nje. Kaburi lake liko wazi, mama alisema, na la mwanawe vilevile, na mato ya watu, yale macho ya husuda, yako mlangoni. Nilimsadiki. Nililala nikihesabu siku, nikimfikiria wifi yangu anaitika abee.

Siku ya ishirini na mbili, baada ya adhuhuri, wifi akaja. Alivua buibui akaketi ukingoni mwa kitanda bila ya kumtazama mtoto, nikajua kuna jambo.

"Wifi, nimekukosea," akasema. "Wallahi sikukusudia."

Akanyoosha mkono. Kidole gumba chake kilikuwa na wino wa zambarau umeganda kuzunguka ukucha.

Akaeleza polepole, akirudia. Karani wa zamani ameondoka, amekuja mpya, kijana wa bara mwenye miwani. Siku ya kwanza tu alisimama mbele ya safu akasoma karatasi. Ilisema kamati ya wafanyakazi imesikilizana na kampuni: mwanamke akizaa atapewa likizo, nafasi yake itawekwa, na atapata sehemu ya mshahara akiwa nyumbani. Lakini ili ofisi ijue nani ni nani, kila mmoja atatia kidole kitabuni mbele ya namba yake, na kila siku ya mshahara atakitia tena, vilinganishwe.

"Wakatuita mmoja mmoja," akasema wifi. "Ilipofika thelathini na saba nikaitika abee, kama ulivyonifundisha. Akanishika kidole. Ningesema nini, wifi? Ningesema mimi si mimi?"

Nilihisi maziwa yananikauka. Sitii chumvi, mtoto alilia usiku mzima kwa kukosa. Kidole cha wifi yangu kilikuwa kimekaa kitabuni mahali pangu, na kidole hakibadiliki kama jina. Nikirudi baada ya arobaini, siku ya mshahara ya kwanza tu nitaonekana mwizi wa kazi yangu mwenyewe.

"Na wenye matumbo?" nikauliza. "Wamejiandikisha?"

"Nani athubutu? Wanasema ni mtego. Wanataka kujua nani mjamzito wamtoe kabla hajawatia hasara. Yule wa safu ya pili mwenye miezi saba amejifunga kanga tatu, hata pumzi hapati." Kisha akapunguza sauti, ingawa mle chumbani tulikuwa sisi, mama na mtoto tu. "Na mnyapara ametuita kando. Amesema likitoka neno la kukaliana, atakwenda yeye, na wote waliowahi kukaliwa watakwenda naye."

Wote waliowahi kukaliwa walikuwa nusu ya banda.

Mama alikuwa akisikiliza, anapepeta mchele. Nilipomwambia kuwa kesho nitavuka niende kwa karani, ungo ulimwanguka.

"Wenda wapi na mwana ana siku ishirini na mbili? Una wazimu?"

"Mama, kazi itapotea."

"Ipotee! Kazi hupatikana. Huyu nikimzika nitampata wapi mwingine?"

Alilia, nami nikalia, na wifi ndiye aliyeokota mchele. Mwisho mama alisema kama ni lazima, basi atakwenda nami, na mtoto hatamfunua mtu yeyote. Alimpaka wanja kwenye paji la uso, doa kubwa lisilopendeza, ili atakayemwona asimsifu. Akaongeza mvuje wa pili.

Tulivuka asubuhi yake. Mama alishika mwavuli juu yetu tangu Mtongwe mpaka feri, midomo yake haikupumzika kwa kusoma dua. Miguu yangu ilikuwa kama ya kuazima. Kwenye basi nilirudia maneno yangu moyoni: Bwana karani, mimi ndiye thelathini na saba. Nilizaa kabla ya tangazo. Aliyetia kidole ni wifi yangu, alinikalia, sisi hatukujua. Nilikuwa nimepanga kumwomba tuzungumze faragha. Wifi alikuwa amesema ana sura ya upole.

Mama alibaki getini, akanipa mtoto kwa kusitasita. Mlinzi alinijua, akanifungulia bila neno. Nikaingia bandani.

Faragha haikuwapo. Karani mpya alikuwa ametoa meza yake ofisini akaiweka mbele kabisa ya safu, ili tukionana naye tusimwogope, kumbe ndiyo ilizidi kuwatisha watu. Mnyapara alikuwa amesimama kando yake na fimbo yake ya kuhesabia. Niliposimama mlangoni, shazia moja baada ya nyingine ziliacha kwenda.

"Karibu, mama," akasema karani. "Una haja gani?"

Nilifungua kinywa. Nikamwona yule wa miezi saba na kanga zake tatu, uso umemvimba, ananitazama kama ninayemletea hati ya mahakama. Nyuma yake alikuwapo bibi mmoja aliyekaliwa kila alipozaa, mara nne, mjane, ana wajukuu anaowalea. Alikuwa akitikisa kichwa, kidogo sana, hapana, hapana. Mnyapara hakunitazama kabisa. Alitazama ukutani.

Nikasema, "Nimemletea wifi yangu mwana, amwone."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Sikuwa nimeyapanga. Woga ndio ulioyapanga, ukanipa tayari, nami nikayasema kwa sauti nzuri kabisa, hata nikatabasamu.

Karani akacheka kwa furaha. "Wifi yako ni nani?"

Mnyapara akamjibu upesi, "Thelathini na saba."

"Thelathini na saba!" akaita karani.

Kinywa changu kilifunguka. Miaka mitatu nilikuwa nikiitika mwito ule kila asubuhi, na ulimi ulikuwa umekwisha kupanda. Nikaimeza ile abee, nikaisikia inashuka kama tonge kavu. Nyuma yangu wifi akaitika, "Abee," sauti imekatika. Akaja akampokea mtoto. Hatukutazamana.

Ningetoka pale. Lakini karani alikuwa mtu mwema, na wema wake sikuutarajia. Alinivutia kigoda, akasema naona u mzazi mpya, keti kidogo. Akaanza kunieleza, kwa Kiswahili chake cha bara, taratibu kama mwalimu.

"Mama, wewe huna kazi hapa, lakini siku ukiajiriwa popote, uliza haki yako. Hapa petu sasa mwanamke akiwa na mimba anakuja kunijulisha mapema, na cheti cha kliniki. Anapumzika wiki kadhaa kabla ya kuzaa na kadhaa baada ya kuzaa. Nafasi yake haipewi mtu. Akirudi, anakuta namba yake."

Nikasema, "Ni vizuri."

"Hata aliyezaa juzijuzi kabla ya tangazo hili. Akija na kweli yake, wenzake wawili wakamshuhudia, nitamwandika. Hatutafuti mtu wa kumfukuza." Akashusha sauti, akainama kwangu. "Lakini hawa wananiogopa. Hakuja hata mmoja. Waambie wewe, mama. Wewe ni mwenzao, watakusikia."

Wenzangu wawili walikuwa hatua tatu kutoka hapo. Si wawili tu, walikuwa hamsini. Neno lilikuwa moja tu, na lingali mdomoni, halijaoza. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema uongo mbele ya wote, na mnyapara alikuwa ameusaidia uongo wangu, na wifi alikuwa amekwisha kuitika. Nikijirudi sasa, ni nani atakayekuwa mwongo? Na kama huyu kijana ndiye anayedanganya? Kama karatasi hii ndiyo mtego wenyewe, na upole ndio chambo? Niliwaza hayo yote kwa muda wa kukunja kanga. Mpaka leo sijui kama nilimshuku kweli, au nilimshuku ili nisiseme.

"Inshallah," nikamwambia. "Nitawaambia."

Nikamchukua mwanangu nikatoka. Nyuma yangu shazia zikaanza tena, zote kwa pamoja.

Getini mama alinidaka mkono. "Wamesemaje?"

"Wamesema mwana ni mzuri."

Mama akashtuka. "Walisema mashallah?"

Nikamwambia walisema. Huo nao ulikuwa uongo mwingine wa asubuhi ile, na huu ndio ulionitia hofu zaidi. Kwa siku kumi na saba zilizobaki nilimwangalia mtoto akipumua. Akipiga chafya nilisema ndio hiyo, malipo yamekuja. Hakupatwa na kitu. Alinenepa mpaka mama akazionea aibu hofu zake.

Mume wangu hakunilaumu. Alisema tu, "Ungesema," na lile neno moja lilinikaa kuliko matusi. Wifi alilia wiki nzima akitaka kuacha. Nikamkaripia. Aache ili apate nani? Kidole ni chake. Yeye akiondoka namba itachukuliwa na mtu wa getini. Basi akabaki, kwa jina langu, na kila mwisho wa mwezi alipita nyumbani kwanza kabla ya kwenda kwake, akaacha alichoacha cha mshahara kwa mkwe wangu.

Mimi nikaanza kukaanga mahamri. Nilitafuta mahali pa kuuza, na miguu ikanipeleka palepale, nje ya geti la banda, na karai langu na mtoto mgongoni. Asubuhi wenzangu walinunua wakiingia. Walinipenda sana, walinilipa bila kupunguza bei, lakini hakuna aliyekaa kuzungumza. Nilikuwa nikiwakumbusha. Mnyapara naye alinunua, tena alilipa, yeye ambaye maisha yake yote alikula mahamri ya bure. Kila siku niliisikia namba yangu ikiitwa.

Yule wa miezi saba alijifungua nyumbani na akakaliwa kwa kujificha. Siku ya mshahara kidole hakikulingana, wakamtoa yeye na aliyemkalia. Mnyapara hakuguswa. Wale waliobaki wakasema, mwaona, tuliwaambia ni mtego. Nilikuwa nimekaa na karai langu, nikasikia, nikageuza mahamri. Huyo ndiye anayenijia mpaka leo. Kazi yangu niliipoteza mwenyewe, lakini ya yule niliombwa kuiokoa, nikasema inshallah.

Bendera ya Uhuru ilikuwa imekwisha kupandishwa wakati wifi yangu alipopata mimba, baada ya kungoja miaka. Alinijia amekauka midomo. Alikuwa amekwisha kununua kanga ya kujifungia. Alitaka ushauri wa namna ya kuificha mpaka miezi minane, kisha aache kazi kimyakimya kabla hawajamfukuza.

Nilimnyang'anya ile kanga. "Utakwenda kwa karani," nikamwambia. "Kesho. Na cheti."

"Wifi, naogopa."

"Hata mimi naogopa. Twende tukaogope pamoja."

Nilimpeleka mpaka mlango wa banda, nimemshika kiwiko kama polisi. Wifi akaingia. Mimi nikasimama nje nikisoma zile zile alizosoma mama chini ya mwavuli. Alikaa ndani muda mrefu mno. Nilimwona kwa mawazo anatoka bila kibati, anatoka na askari, anatoka analia.

Alitoka na karatasi. Ilipigwa taipu, ina muhuri. Hakujua kusoma, akanipa mimi niliyejua herufi za kutosha jina langu. Na jina langu ndilo lililokuwa pale. Chini yake palikuwa na kidole chake, cha zambarau, mistari yake yote inaonekana.

Wiki zile alipokuwa nyumbani niliendelea kwenda getini na karai. Asubuhi ya kwanza baada ya kujifungua kwake, mnyapara alisimama mlangoni akaita kama kawaida. Thelathini na tano, abee. Thelathini na sita, abee. Mtoto wangu alikuwa pembeni, amekwisha kujua kutembea, ananivuta nguo anataka hamri.

"Thelathini na saba!"

Ikajibu sauti ya karani, ya kawaida kabisa, ya mtu anayepiga alama kitabuni.

"Yuko likizo. Amezaa."

Mnyapara akaendelea na thelathini na nane. Nikampa mwanangu hamri lake, nikakanda unga uliobaki.